Je, Eropleni Zaweza Kushika Mahali pa Meli Vitani?

Katika mazungumzo yetu aghalabu husikia wenzetu wakisema ya kuwa siku za kuteremsha majeshi pwani kwa meli zimekwisha, na jemadari mwenye eropleni za kutosha hana haja ya bahari. Ushahidi wanaoutoa ni kisiwa cha Krete, kilichotwaliwa na Wajerumani mwaka 1941. Nami, kwa heshima yao, naona ya kuwa Krete yashuhudia kinyume.

Habari yenyewe ni hii. Asubuhi ya tarehe 20 Mei 1941, askari wa miavuli wa Jemadari Kurt Student walianza kushuka Maleme na karibu na mji wa Chania. Alasiri wakashuka Rethymno na Heraklion. Waliokuwa wakiwangoja ni Waingereza, Waaustralia, watu wa New Zealand na Wayunani wenyewe, jumla yao yapata 40,000. Wajerumani wengi waliruka na bastola na mabomu ya mkono tu. Bunduki zao zilitupwa mbali nao ndani ya makasha. Basi mtu akifika chini hai, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta kasha kati ya mizeituni, huku akipigwa risasi. Hata wanavijiji waliwatokea kwa miundu na magobori. (Malipo yao yalikuwa machungu: tarehe 3 Juni kijiji cha Kandanos kiliteketezwa, na watu wake wengi wakauawa.)

Jua lilipotua, Wajerumani hawakuwa na kiwanja cha eropleni hata kimoja. Walakini usiku ule kikosi cha New Zealand, kisichopata habari za wenzake, kiliondoka juu ya kilima nambari 107 kinachotazama kiwanja cha Maleme. Kesho yake eropleni kubwa zikatua pale na askari wa milimani, mizinga ikizipiga. Hapo ndipo kisiwa kilipopotea.

Wenzetu hujibu: Je, mashua za Wajerumani hazikutawanywa na manowari za Waingereza usiku wa tarehe 21, na hata hivyo wakashinda? Ni kweli. Lakini Rethymno na Heraklion, ambako walitegemea miavuli peke yake, hawakuweza kuwanyang'anya walinzi viwanja. Kilichowapa ushindi ni mlango wa kupitishia shehena, na mlango huo waliupata kwa kuachiwa. Karani yeyote wa bohari ajua ya kuwa askari ni mtu wa madai ya kila siku: risasi, maji, chakula, dawa. Shehena ya meli moja ya kiasi ingetaka safari mamia za eropleni za siku zile.

Na gharama? Katika watu wapatao 22,000 waliotumwa, karibu 4,000 walikufa au hawakuonekana tena, na eropleni za kuchukulia zaidi ya 100 ziliharibika. Hitler mwenyewe hakutaka tena shambulio kubwa la namna ile.

Waingereza na Wamarekani waliisoma habari ile ile wakaielewa vingine. Wakazidi kuunda majeshi ya miavuli. Hata hivyo, walipoingia Normandy tarehe 6 Juni 1944, waliotoka angani walikuwa zaidi ya 20,000, wakashika madaraja na njia. Bali waliotoka baharini siku ile ile walikuwa zaidi ya 130,000. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi halali ya miavuli.

Asiyesadiki na atazame Arnhem, Septemba ya mwaka ule ule. Yapata watu 10,000 walishushwa ng'ambo ya mto Rhine, na msaada wao ukawa unakuja kwa barabara moja tu, nao ukachelewa. Vyakula na risasi walizotupiwa kutoka angani ziliangukia kwa wingi mikononi mwa adui. Baada ya siku tisa waliovuka mto kurudi walikuwa 2,000 na ziada kidogo.