Zawadi Impasayo Fundi Mdogo

Kila likizo ikikaribia, sisi tuliokwisha kumaliza masomo huulizwa na wadogo zetu swali moja: "Umetuletea nini?" Nami naona ya kuwa swali hili mara nyingi tunalijibu vibaya, hasa tunapomchagulia zawadi kijana apendaye kuunda vitu vidogo kwa mikono yake. Nina haki ya kusema hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu nusura limwachishe mpwa wangu kazi aipendayo kuliko zote. Basi naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze lililotokea, ili mwenzangu asije akanunua majuto kwa bei ghali kama nilivyofanya mimi.

Mimi nakaa Kinindo, upande wa kusini wa mji wa Bujumbura, na ziwa Tanganyika si mbali nasi. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ana miaka 14. Jioni akitoka shule huteremka ufukoni kutazama meli za mizigo ziendazo na kutoka bandarini, kisha akirudi nyumbani huziunda. Huziunda kwa makopo ya maziwa na ya nyanya, waya, vizibo vya soda, na soli za kandambili zilizochakaa. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hutengeneza magari ya waya, na jambo hilo si geni. Lakini kijana huyu ana la ziada: hataki kitu chochote ila kiwe kwa kipimo.

Wanafunzi waliosoma ramani wanajua maana ya skeli. Katika skeli ya 1 kwa 100, sentimita moja ya chombo kidogo ni mita moja ya chombo kikubwa. Mpwa wangu amechagua skeli hiyo kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 huwa milimita 17 tu, na milango, ngazi na madirisha yote hayana budi kulingana na mtu huyo. Siku moja nilimwona akikibomoa chumba cha nahodha alichokijenga kwa siku tatu, kwa sababu mlango wake ulikuwa mfupi kuliko mtu. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka jana alianza kazi kubwa: aliazimia kuunda Liemba. Habari zake alizipata kwangu, maana zamani nilipokuwa kijana niliwahi kusafiri katika meli hiyo kutoka Kigoma. Wasomaji wengi wanaijua kwa jina, lakini pengine si wote wajuao jinsi ilivyofika ziwani. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, nchi ya Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Huko mafundi watatu waliotoka kiwandani, pamoja na wafanyakazi wengi, waliiunga upya, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui, lakini kwanza mitambo yake ilipakwa grisi isipate kuharibika. Mwaka 1924 ikainuliwa, na mwaka 1927, chini ya Waingereza, ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Mpwa wangu aliposikia habari ya masanduku alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kumbe hata wakubwa walifanya kama mimi."

Basi alipofaulu mtihani wake nikasema moyoni, kijana huyu apenda meli, nami nitampa meli. Nikaenda katika duka moja mjini, nikachagua meli ya plastiki iliyo kubwa kuliko zote, nyekundu na nyeupe, yenye taa, king'ora, na mota ya betri. Bei yake ilikuwa kali, lakini nilifurahi kulipa. Nilipompa aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, Mjomba," akaiweka juu ya kabati. Nikaenda zangu nikijiona mjomba mwema.

Miezi miwili ikapita. Siku moja nilikwenda kwa dada yangu, nikaona meza ya kijana ni tupu, pamebaki vitabu tu. Nikauliza, Liemba iko wapi? Dada yangu akanionyesha chini ya kitanda. Ilikuwako, nusu imekwisha, buibui amefuma ndani yake. Nilipomwuliza kijana sababu, alitazama chini, kisha akajibu kwa sauti ndogo: "Nilidhani umeona yangu haifai, Mjomba. Ndiyo maana ukaniletea nzuri."

Sikuwa na jibu. Dada yangu naye alisema neno moja tu, "Kaka, hukumwuliza," na neno hilo likanitosha.

Siku ile nilifanya nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilimwomba aitoe Liemba chini ya kitanda, tukaketi mezani pake, nikamwambia anionyeshe namna afanyavyo kazi. Ndipo nilipoona mambo ambayo sikuyaona mwaka mzima. Alikuwa akikata bati kwa kisu cha jikoni, na kidole chake gumba kilikuwa na makovu mawili. Rula yake ilikuwa ya mti, imevunjika mwanzoni, ikawa kila apimapo lazima aanzie sentimita ya pili na kutoa moja. Msasa alikuwa nao kipande kilichokwisha makali. Na urefu wa meli alikuwa ameukisia tu kwa picha.

Asubuhi yake tulikwenda pamoja Buyenzi, katika soko la Ruvumera. Tulinunua mkasi wa bati, rula ya chuma, tupa ndogo, koleo la ncha nyembamba, na karatasi za msasa za namna tatu. Vyote hivyo kwa jumla havikufika nusu ya bei ya ile meli ya plastiki. Tuliporudi nikamwandikia kipimo nilichokuwa nacho hakika: urefu wa Liemba ni kama mita 71. Akafanya hesabu, akapima kazi yake, akakuta ni fupi kwa sentimita tisa. Nilidhani atakata tamaa. Lakini alitabasamu, akachukua mkasi mpya, akaanza kuifungua.

Kwa mambo hayo nimepata maoni yangu, nayo ni haya: mtu apendaye kuunda, zawadi yake ni ile imwachiayo kazi ya kuunda. Ukimpa kitu kilichokwisha kukamilika umemnyang'anya lile alipendalo, nawe wadhani umempa. Kabla ya kwenda dukani, nenda kwanza mezani pake. Tazama anachokikata, anachokikatia, na kilichomwishia. Rula iliyovunjika itakueleza mengi kuliko mwenye duka.

Najua ya kuwa baadhi ya wasomaji wetu wanakaa Ulaya na Amerika, na huko kuna masanduku ya vipande vya plastiki yauzwayo kwa ajili ya kazi hii. Airfix wa Uingereza na Tamiya wa Japani ni majina yajulikanayo sana. Hayo ni zawadi njema, maana kazi bado ni ya mpokeaji. Lakini uliza kwanza mambo matatu: anaunda nini, kwa skeli gani, na ana nini tayari. Aundaye ndege huenda asijali gari. Na skeli ikikosewa, vitu havikai pamoja. Rafiki yangu mmoja aliyeko Ubelgiji alimletea kijana wetu sanduku zuri la meli, lakini skeli yake ni 1 kwa 350. Kwa kipimo hicho Liemba nzima ingekuwa sentimita 20, na mtu hapungui wala hazidi milimita tano! Kijana aliiunda kwa furaha, lakini haiwezi kuwekwa karibu na zake. Yaonekana kama mtoto wa meli. Tena, gundi na rangi nyingi za kazi hii hushika moto upesi, na ndege hazikubali kuzichukua. Afadhali kuzinunua huko huko aliko mpokeaji. Na atumiaye gundi hizo afungue madirisha, wala zisiachwe mikononi mwa watoto wadogo.

Wako watakaonipinga. Wa kwanza watasema zawadi ikiulizwa haina utamu, kwa kuwa si ya ghafula. Nawajibu ya kwamba ghafula ile niliijaribu, ikazaa buibui. Hata hivyo waweza kuuliza kwa hekima: mwulize mama yake, au mwombe kijana akueleze kazi yake bila kutaja zawadi. Mpenda kazi hafichi habari zake.

Wa pili watasema, "Mchagua jembe si mkulima". Fundi wa kweli hufanya kazi kwa chochote akipatacho. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikusemwa kwa ajili ya mwenye kununua jembe. Mkulima asichague, wewe umnunuliaye, chagua. Makovu mawili ya kidole gumba si masomo ya lazima.

Wa tatu watasema kuchezea makopo ni dalili ya umaskini, na kijana aliyefaulu afaa kupewa kitu cha dukani. Hawa ndio ninaowaogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Sikuyasema maneno hayo kwa kinywa, bali niliyasema kwa ile meli nyekundu na nyeupe, na kijana akayasikia vizuri. Huko Lamu wako mafundi wachongao majahazi madogo kwa mti, yenye tanga na kamba zake, na wageni huyanunua kwa fedha nyingi. Hapana amwambiaye fundi yule kuwa anacheza. Kwa nini basi tumwambie hivyo mtoto wetu, kwa sababu tu yeye ana kopo la nyanya?

Wanafunzi wenzangu, nanyi mlio nje pamoja nami, pengine nyumbani kwenu yuko mmoja wa namna hii. Huenda anaunda ndege, nyumba, au lori la waya. Likizo hii msimpelekee lori lililo bora kuliko lake. Mpelekeeni koleo. Ikiwa fedha hakuna, mpelekeeni picha ya chombo anachokiunda, au vipimo vyake mlivyovipata kitabuni, au mchukueni siku moja akakitazame chombo chenyewe kwa karibu. Na kuliko hayo yote, ketini naye mezani mwone afanyalo.

Liemba ya mpwa wangu haijaisha hadi leo. Ubavu mmoja umekamilika, na bomba la moshi limesimama. Juma lililopita alikuja kwangu Kinindo jioni, akiwa na ile meli ya plastiki kwapani. Alisimama mlangoni kwa haya, akasema, "Mjomba, utakasirika nikiifungua? Nahitaji taa zake, na ile mota."

Nikamwambia aingie, nikamtafutia bisibisi.