Ubao wa Mwalimu: Jina la nani liandikwe kwanza?



Wiki iliyopita, kisha wanafunzi kutoka, mama mmoja wa likelemba yetu alinifuata darasani na bahasha mkononi. Ameniruhusu niandike habari hii bila jina lake. Yeye ni muuguzi wa A1, ana miaka 32. Bwana yake ni fundi wa mashini nzito huko Kolwezi, ana miaka 43. Walikuwa wamekwisha kumlipa komisionere mmoja dola 300 ili awatengenezee faili ya kwenda Kanada. Mimi niliombwa kusahihisha Kifaransa tu. Nilisoma kurasa mbili nikaweka kalamu chini. Jina la kwanza lilikuwa la bwana. Na watoto waliandikwa wawili, wakati mimi ninawafahamu watatu.

Kanada ilianza kuchagua wafanyakazi wa kigeni kwa pointi mwaka 1967. Njia ya leo, inayoitwa Entrée express, ilifunguliwa Januari 2015. Ni kama buletini yetu ya masomo: unapewa pointi juu ya umri, vyeti, lugha na miaka ya kazi, mpaka 1,200, kisha watu wanapangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mara kwa mara serikali yao inaita walio juu, na aliyeitwa anapewa siku 60 za kutuma vyeti vyote. Kuingiza jina katika orodha hiyo ni bure. Rudia kusoma sentensi hiyo, mama: ni bure.

Sasa tazama umri. Kwa mtu anayeomba pamoja na mwenzi wake, miaka 20 mpaka 29 inaleta pointi 100. Miaka 32 inaleta 85. Miaka 43 inaleta 15, na kwenye 45 ni zero. Komisionere alimweka mbele mwenye 15, akamweka nyuma mwenye 85! Nilimwuliza mama sababu, akajibu: "Mwalimu, si bwana ndiye kichwa cha nyumba?" Sawa. Lakini ile karatasi haiulizi kichwa cha nyumba. Inauliza nani mwombaji mkuu, na mke anaweza kuwa mwombaji mkuu kama mume. Fanyeni hesabu mara mbili, kila mmoja mbele kwa zamu yake, mchukue ile iliyo nzuri. Vyeti vya yule wa nyuma vinaongeza pointi kidogo.

Tena kuna kazi yenyewe. Tangu 2023 wanaita pia kwa makundi: watu wa afya, mafundi, wanaojua Kifaransa. Mwaka 2025 wakaongeza watu wa elimu, na nakiri kwamba siku hiyo nami nilitoa diploma yangu kwenye sanduku nikaifuta vumbi. Ila kuitwa si ruhusa ya kufundisha wala ya kuuguza. Kila jimbo la Kanada lina leseni zake, na wengi wanafanya kazi nyingine kwanza wakingojea.

Kifaransa ndicho mlango wetu mkubwa. Tarehe 29 Februari 2024 kundi la Kifaransa liliitwa mpaka mwenye pointi 336, wakati mwito wa watu wote mwezi ule ulidai zaidi ya 500. Na mlango huo si wa Québec. Québec ina njia yake peke yake. Entrée express inapeleka watu kwenye majimbo mengine. Lakini hawaamini Kifaransa chako kwa sababu ulisoma Lubumbashi. Unafanya mtihani, TEF Canada ama TCF Canada: kusikiliza, kusoma, kuandika, kusema. Ukifika daraja la 7 katika yote manne unaongezewa pointi 25, na 50 kama Kiingereza nacho kimefika daraja la 5. Matokeo yanakufa kisha miaka miwili. Ninasahihisha insha kila juma, ninawaambia ukweli: tunasema vizuri, kuandika ndiko kunatuangusha. Pesa ya komisionere ingelipa miezi ya kujifunza kuandika.

Huyo komisionere aliahidi pia kuleta "barua ya kazi" kwa dola 1,000 nyingine, ili iongeze pointi. Pointi za barua ya kazi ziliondolewa tangu Machi 2025, na sababu moja ni kwamba barua hizo zilikuwa zinauzwa.

Nije kwa mtoto wa tatu, maana ndiye aliyeninyima usingizi. Ni msichana wa miaka 16, mama alimzaa mbele ya kuolewa, anaishi Likasi kwa nyanya yake. Komisionere alisema aachwe kwanza. Familia lazima ionyeshe pesa yake yenyewe, si ya mkopo, na kwa hesabu ya 2025 watu wanne ni zaidi ya dola 28,000 za Kanada, watu watano ni zaidi ya 32,000. "Mkifika, mtamwita," aliwaambia.

Hawatamwita. Sheria ya Kanada inataka kila mtoto aliye chini ya miaka 22 na asiye na ndoa aandikwe na apimwe na daktari, hata kama anabaki. Mtoto aliyefichwa wakati wazazi wanapewa makao ya kudumu, wazazi hawawezi kumdhamini baadaye kwa mlango wa familia. Na uongo ukigunduliwa, ni miaka mitano ya kufungiwa nje. Nilipomweleza mama, hakulia. Aliniuliza polepole kama nina hakika, akauliza tena.

Bwana alirudi kutoka Kolwezi siku ya Ijumaa, tukakaa watatu. Juu ya msichana alisema mara moja: aandikwe, pesa tutaona, parseli ipo. Juu ya jina la kwanza hajajibu bado. Alichukua karatasi ya hesabu, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Kuna kazi nyingine sasa: msichana hana cheti cha kuzaliwa. Siku 90 za kumwandikisha mtoto bure kwenye komini zilipita zamani, lazima kupitia mahakama. Kwa hiyo Jumamosi hii msiningoje kwenye mkutano, ninamsindikiza mama Likasi. Mwenye faili kama hii aniletee Jumatano kisha masomo, mbele ya kulipa mtu yeyote.