Dada, kabla hujameza tembe ya kuzuia hedhi, uliza



Kila Ramadhan ikikaribia, na kila safari ya Umra au Hijja ikipangwa, kuna tembe zinazonunuliwa kimyakimya kwenye kemisti za mitaa yetu. Msichana anaingia, ananong'ona, anapewa, anatoka. Hajaulizwa chochote, hajaelezwa chochote. Wengine wataona ni aibu kuliongelea hapa. Sisi tunasema ni suala la haki.

Tembe hizo mara nyingi ni noretisteroni. Wengi mnaijua kwa jina la Primolut N. Ni homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, ambayo mwili wa mwanamke huitoa yai likishatoka. Projesteroni ikishuka, utando wa ndani ya kizazi hubomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Ukimeza tembe, utando unabaki na siku zako zinasogea mbele. Kawaida ni miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya hedhi. Ukiacha, damu huja baada ya siku mbili tatu.

Sasa sikiza vizuri. Dawa hii si ya kila mtu. Kama umewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, una ugonjwa wa ini, una mimba au unashuku unayo, au unatokwa na damu isiyojulikana sababu, usiiguse kabla hujaonana na daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi zikikata ghafla, acha tembe ukimbie hospitali. Na ukiitumia hivi, usidhani inazuia mimba. Haizuii.

Na dini je? Mwenye hedhi hafungi. Atalipa siku zake baadaye. Hiyo ni sheria ya Mola wako, si upungufu wako. Kwenye Hijja tunaelewa uzito wake, maana tawafu inataka tohara na ndege haikungoji. Maulamaa wengi wameruhusu dawa hizi kwa sharti kwamba zisikudhuru. Lakini utajuaje hazikudhuru, na hakuna aliyekuuliza hali yako?

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinakupa haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze faida, hatari na njia nyingine zilizopo, kwa lugha unayoielewa kadiri inavyowezekana. Kwa hivyo ukiuliza, hujaomba msaada. Unadai chako. Uliza: inanifaa mimi? Inagongana na dawa ninazotumia? Nimeze siku ngapi? Dalili gani nikiziona niache? Ukiona haya kwa sababu muuzaji ni mwanamume, omba uhudumiwe na mwanamke, au nenda na dada yako.

Kaka, nawe usijitoe. Usimsukume mkeo ameze ili afunge mwezi mzima. Ukitumwa dukani, nunua pamoja na maelezo.

Na nyinyi wenye kemisti: mteja wenu ni amana. Muulizeni kabla hamjapokea pesa yake.

Mwili pia ni amana. Msomee dada yako ujumbe huu leo, kabla mwezi haujaandama.