Uniti Hununuliwa kwa Bei ya Siku Hiyo

Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, haitunzi shilingi, hutunza uniti za umeme. Fedha hugeuzwa kuwa uniti wakati wa kununua, ndipo tarakimu 20 za tokeni, za kuingizwa kwenye mita, hutolewa. Bei ikipanda kesho, uniti zilizoingizwa leo hazipungui; ikishuka, haziongezeki.

Kununua mapema kabla ya bei kupanda kuna faida, lakini si kwa kila kaya. Mteja wa daraja la D1, lililowekwa kwa wanaotumia umeme kidogo, hupata bei nafuu kwa uniti 75 za mwezi tu. Akilimbikiza zaidi, ziada hutozwa bei ya juu, na akiba aliyoitafuta huweza kumezwa yote. Anayeumia hapo ni mwenye kipato kidogo, na hilo si haki.

Tokeni nayo isikae kwenye karatasi. Mita zilipobadilishiwa msimbo wa kusoma tokeni kabla ya 24 Novemba 2024, tokeni za awali ambazo hazikuwa zimeingizwa hazikukubalika tena.

EWURA, inayoidhinisha bei, na TANESCO, inayouza umeme, zinapaswa kutangaza mabadiliko mapema, redioni na kwa ujumbe wa simu, zikitaja bei ya uniti kwa kila daraja pamoja na makato yote.