Kompyuta "Iliyokufa" na Wajibu wa Mwalimu

Katika ziara ya kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Kidodi. Ofisini tulikuta kompyuta ya zamani imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake pamewekwa maua ya karatasi. Tulipouliza habari zake tulijibiwa, "Hiyo ilikufa tangu muhula uliopita." Wakati huohuo mwanachuo wetu alikuwa ubaoni akiandika kwa chaki maswali ya jaribio la Darasa la Nne, na watoto waliokaa nyuma walikuwa wakisimama ili wapate kuyasoma.

Tuliomba ruhusa ya mwalimu mkuu, tukaiwasha. Feni ilizunguka, ukasikika mlio mara kadhaa, lakini skrini ikabaki nyeusi. Tuliizima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wake. Ndani mlikuwa na vumbi na masizi. Tulitoa kipande cha kumbukumbu, tukasugua meno yake polepole kwa kifutio safi cha penseli, tukakirudisha mpaka vishikizo vyake vikajifunga. Kompyuta iliwaka. Hatukununua kifaa chochote, na kazi yote haikuzidi muda wa kipindi kimoja.

Hatusimulii haya ili tujisifu. Tuliona haya, maana mwanachuo yule alikuwa amefaulu somo letu la kompyuta. Aliweza kutaja sehemu zote za mashine na kazi ya kila sehemu, lakini mashine ilipokataa kuwaka hakuthubutu kuigusa. Kosa hilo si lake, ni letu wakufunzi. Tulimfundisha majina ya vitu. Hatukumfundisha namna ya kutafuta kosa. Maoni yetu ni kwamba utafutaji wa kosa ndilo somo lenyewe, na kwamba mwalimu asiyelijua ataaga chuo akiwa na cheti lakini bila ujuzi.

Utafutaji wa kosa una kanuni chache. Kwanza, tuanze na jambo jepesi kabla ya zito: je, umeme upo? Plagi imeingia sawasawa? Taa ya skrini inawaka? Waya wa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini umekaza? Pili, tubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha tujaribu. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui lililomponya. Tatu, tuandike daftarini siku, dalili, tulichofanya na matokeo yake. Daftari hilo litamsaidia mwalimu atakayetupokea.

Makosa mengi ya kila siku hayahitaji zaidi ya kanuni hizi. Kompyuta ikizimika yenyewe baada ya dakika chache, tuanze kwa kutazama feni. Sehemu zetu hizi mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kuvunwa, na masizi hupeperuka mpaka madarasani. Yakiziba feni, joto hupanda na mashine hujizima ili isiungue. Saa ikirudi nyuma kila mashine inapochomolewa kwenye umeme, huenda betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Aghalabu ni ile ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Tarehe ikikosewa, hata kurasa za intaneti huweza kukataa kufunguka, na mwalimu akalaumu mtandao bure.

Programu ikiganda, tusikimbilie kukata umeme. Tusubiri kidogo, kisha tubonyeze kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, tuifunge programu ile peke yake. Windows 7 ikishindwa kufunguka, tubonyeze F8 mara tu tunapoiwasha, tuchague hali ya usalama. Ikifunguka humo, yaelekea kosa limo katika programu iliyoongezwa karibuni. Faili zikionekana kutoweka katika flashi, na mahali pake pakabaki njia za mkato, mara nyingi kirusi kimezificha tu. Anayekubali kuifuta flashi yote kabla ya kuzitafuta atapoteza kwa mkono wake kile ambacho kirusi hakikukiharibu.

Wapo wanaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi na kwamba mwalimu kazi yake ni kufundisha. Tunakubali kwamba mipaka ipo. Kisanduku cha kugawia umeme kilichomo ndani ya kompyuta kisifunguliwe kabisa, kwa kuwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Aidha, kama kisanduku hicho kina swichi ndogo nyekundu nyuma yake, isisogezwe kutoka 230 kwenda 115, kwani umeme wa nchi yetu ni volti 230 na mashine itaungua. Ubao mkuu ukiungua, hapo ni zamu ya fundi. Lakini fundi yuko mbali, na nauli yake ni fedha ya shule. Si haki kumwita aje kukaza waya.

Isitoshe, kutafuta kosa ni kazi ya mwalimu hasa. Mtoto akiandika kwamba 42 kutoa 17 ni 35, mwalimu mvivu huweka alama ya kosa na kusema mtoto hana akili. Mwalimu mzuri humwuliza, "Umepataje?" Naye hugundua kwamba mtoto alitoa 2 katika 7, na 1 katika 4, yaani kila mara alitoa ndogo katika kubwa. Kosa lake lina mahali pake na sababu yake, na likionekana hurekebishika. Kusema "mtoto huyu hawezi" na kusema "kompyuta imekufa" ni mazoea yaleyale ya kukata tamaa kabla ya kuuliza.

Historia nayo yatufunza. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta kutoka nje. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, na leo mashine zimefika hata vijijini. Lakini mashine isiyo na mtu wa kuielewa bado ni mzigo, iwe Hazina au katika ofisi ya mwalimu mkuu. Elimu ya Kujitegemea, tuliyoihubiri tangu mwaka 1967, haikukusudiwa kuishia kwenye jembe.

Kweli, kompyuta hizi ni za zamani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Kwa hiyo tusizitumie kwa mambo ya benki wala siri za watu, na ni salama zaidi kuziweka mbali na intaneti. Hata hivyo, kwa kuchapa mitihani, kutunza alama na kuwazoesha watoto kibodi, bado zafaa sana.

Tunapendekeza basi kwamba katika vyuo vyetu mtihani wa vitendo uanze na kompyuta iliyolegezwa waya mmoja kwa makusudi, na mwanachuo apewe alama kwa hatua alizofuata na daftari aliloandika, hata kama muda utakwisha kabla hajafaulu. Nawe, mwalimu mtarajiwa, ukifika shuleni kwako na kukuta kompyuta imefunikwa kitambaa, omba ruhusa, ondoa maua, chukua daftari, uanze na plagi. Tena waite wanafunzi wasimame kando wakutazame. Wakikuona unajiuliza, unajaribu, unakosea na kujaribu tena, watakuwa wamepata somo hata kama mashine haitawaka siku hiyo.