Simu ya mezani imeondoka, nyaya zimebaki

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hapiti kwenye waya bila kuushika. Akishaushika, ataupeleka mdomoni, na akichoka kuutafuna atajivisha. Mama mmoja wa Kijitonyama, jijini Dar es Salaam, aliyaona hayo Jumamosi moja akiwa jikoni. Alisikia kishindo sebuleni, kisha kimya. Mzazi yeyote anakijua kimya hicho. Alipokimbilia sebuleni alimkuta binti yake chini ya meza, waya wa simu umemzunguka shingoni mara mbili, modemu imeangukia karibu na mguu wake. Hakuwa ameumia. Alikuwa anacheka.

Kilichomuuma mama ni kwamba waya wenyewe haukuwa na kazi. Simu ya mezani waliiacha miezi kadhaa nyuma. Kila mtu mzima ana simu yake ya mkononi, na aliyebaki akiipigia ile ya nyumbani alikuwa bibi peke yake. Walibakiza intaneti tu, inayopita kwenye laini ile ile ya shaba. Simu ikaingia kabatini, nyaya zikabaki zilivyokuwa.

Nyumba nyingi za zamani zilizokuwa na laini ziko hivyo. Waya unatoka nguzoni, unaingia kwenye kisanduku cha kwanza karibu na dirisha, halafu unagawanywa: mmoja sebuleni, mwingine chumbani kwa wazazi, wa tatu barazani alikokuwa akikaa babu. Ilipokuja intaneti, vikaongezwa vichujio, vile vidude vidogo vinavyochomekwa kati ya soketi na simu. Ikaja modemu, adapta yake, na ekstensheni ya kufikia umeme. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake siku kilipowekwa.

Sababu ya kichujio ni kwamba sauti ya simu hupita kwenye masafa ya chini na intaneti kwenye masafa ya juu, ndani ya waya mmoja. Bila kichujio, mtu husikia mkwaruzo akiongea. Pasipo na simu hakuna cha kuchuja. Zile nyaya za vyumbani zisizo na kitu mwishoni nazo zina madhara yake, kwa kuwa hunasa kelele za umeme kama antena na kurudisha nyuma sehemu ya mawimbi. Modemu ikichanganyikiwa hushusha kasi au hukatika. Baba wa nyumba hii alikuwa akiilaumu kampuni ya simu kwa kukatika kwa kila jioni, kumbe sehemu ya tatizo ilikuwa barazani kwake.

Fundi aliyeitwa hakutumia hata saa moja. Kwanza aliipeleka modemu kwenye kisanduku cha kwanza, akaichomeka hapo na kulinganisha kasi na ya sebuleni. Ilikuwa afadhali waziwazi. Kisha akazitenganisha nyaya zote za vyumbani pale kisandukuni, akabakiza kamba moja fupi, na modemu ikapanda kwenye rafu iliyo juu ya bega la mtu mzima, kando ya soketi ya umeme. Ekstensheni ikakosa kazi. Nyaya zilizotenganishwa alizing'oa hadi mwisho wake, jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Kipande kinachoning'inia ukutani kwa mtoto bado ni kamba.

Baba mwenye bisibisi atashawishika kuifanya kazi hii mwenyewe. Ajue tu kwamba laini ya simu iliyo hai ina umeme wake, takriban volti 48, na simu inapoita hupanda hadi karibu volti 90. Hautoki LUKU, kwa hiyo kuzima swichi kuu hakuuondoi. Kwenye mvua ya radi laini haiguswi kabisa, na waya wa kutoka nguzoni hadi kisandukuni ni mali ya kampuni, hivyo uachiwe kampuni.

Wanaohamia faiba wana mambo machache zaidi. Waya wake ni kioo chembamba, haupindwi kwa pembe kali na haukunjwi chini ya zulia. Ncha yake ikichomoka, mtoto asiichungulie, kwani mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho lakini upo. Modemu ya aina yoyote isifungiwe kabatini wala kufunikwa kitambaa, maana adapta hupata joto mchana na usiku.

Pale sebuleni pakawa peupe. Wiki iliyofuata umeme ukakatika usiku, modemu ikazima, na ndipo mama alipokumbuka kitu kingine kilichoondoka na ile simu. Simu ya mezani ya waya hupata umeme kutoka kituo cha simu, kwa hiyo iliita hata nyumba ikiwa giza. Tena haikuwa ya mtu. Kijana wa miaka saba aliijua namba yake, bibi aliijua, dada wa kazi aliitumia. Sasa mama huondoka asubuhi na simu yake, baba na yake, zote zina nywila. Dada hubaki na watoto wawili na simu ambayo siku nyingine haina chaji. Binti angejifunga waya siku ya Jumanne, nani angempigia nani?

Walinunua kitochi. Kinakaa kwenye rafu ya modemu, kwenye chaji, hakina nywila na hakitoki nyumbani. Ukutani pembeni yake pamebandikwa karatasi: mama, baba, jirani mwenye gari, zahanati ya mtaani, 112 ya dharura, 114 ya zimamoto. Kwa nyumba yenye mjamzito au kichanga, 115 ya usafiri wa dharura nayo ina nafasi yake kwenye karatasi hiyo.

Chini ya rafu kuna kigoda cha kijana wa miaka saba. Jumapili jioni hupanda na kumpigia bibi, kwa namba anayoisema kwa kichwa. Bibi ameandika ile mpya nyuma ya mlango wake kwa chaki. Ya zamani ameiacha hapo hapo juu yake.