Kijana anayekataa kula: ni kiburi ao ni ugonjwa?



Tuseme binti yako ana miaka 15. Masomo anashika, korale haachi, kosa dogo tu linamukosesha usingizi. Siku moja anaacha bugali, kiisha sombe, kiisha anasema: "Nimefunga kwa maombi." Anakonda. Majirani wanasema ni uchawi. Baba anakasirika: "Sisi tunashinda na njaa ku kariere, yeye anakataa chakula!"

Kwanza umupeleke kwa munganga. Kukonda kunaweza kutoka kwa kifua kikuu, minyoo, ukimwi ao huzuni ya vita. Lakini kuna pia ugonjwa unaoitwa anoreksia: mutu anaogopa kula hata chakula kiko mezani. Kwetu ni wa nadra. Mwaka 2004 Daktari Frank Njenga na mwenzake waliandika kwamba hata madaktari wa akili wa Kenya walikuwa wameona wagonjwa wachache tu. Lakini nadra si kusema hakuna.

Unatoka wapi? Mwaka 2009 Daktari Walter Kaye wa San Diego, Marekani, na wenzake walieleza kwamba wengi wa wagonjwa hawa, tangu utoto, ni watu wa wasiwasi, wanaotaka kila kitu kiwe sawasawa kabisa. Ndiyo tabia ya kuzaliwa, na ubongo wao unafuata njia yake. Wewe ukikula unasikia raha. Yeye akikula wasiwasi unapanda, akiacha, unashuka. Njaa inamudanganya sawa vile pombe inadanganya mulevi. Basi si kiburi.

Tena njaa yenyewe inageuza akili. Kule Marekani, kuanzia mwisho wa 1944 mpaka 1945, wanaume 36 wenye afya, wengi wao wa makanisa yanayokataa vita, walijitolea kupunguziwa chakula karibu miezi 6, ili madaktari wajue namna ya kusaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Wakawa wanawaza chakula usiku na muchana, wakakasirika bure, wakajitenga na wenzao. Waliporudishiwa chakula, akili ikarudi polepole. Kwa hiyo usingoje binti aelewe ndipo akule. Akule kwanza, kuelewa kutafuata.

Fanya hivi. Usimupige, usimuchekelee mwili. Baba na mama, mukae naye kwenye chakula kila mara, mpaka amalize. Kama amekonda sana, usimulishe mengi kwa ghafula: inaweza kumuua. Munganga aongoze. Akizimia, akivimba miguu, ao akisema anataka kufa, mupeleke hospitali siku ileile.

Na ninyi wachungaji na viongozi wa vikundi vya maombi, kijana wa namna hii musimuruhusu kufunga. Eliya alipochoka na kuomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimuletea mukate na maji, mara mbili.

Wewe kijana unayesoma, kama ni wewe, ambia mutu mukubwa mumoja leo. Tuonane mwezi ujao.